Ile rangi nyekundu ya foleni kwenye ramani ya simu inatoka wapi hasa?

Kila mvua ikinyesha Dar lazima utamuona mtu kaposti skrinishoti ya ramani, Morogoro Road kijani kibichi kutoka Ubungo mpaka Kibaha, na chini kaandika "hawa jamaa waongo, mi niko hapa Kimara saa nzima sijasogea". Kwenye majibu vita inaanza. Mmoja anasema setilaiti imezibwa na mawingu, mwingine anasema kamera za serikali ndo zinawapa Google taarifa, mwingine anasema simu zetu zinatupeleleza, na wa mwisho hakosi kusema zima simu uwashe tena. Kati ya hao wote aliyekaribia ni yule wa kupelelezwa, ila na yeye hajamaliza.

Setilaiti tuitoe njiani mapema. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,000 na hazioni gari lolote, wala hazijui kama wewe upo duniani. Kazi yao ni kurusha mawimbi yenye saa na mahali zilipo, basi. Simu yako ndo inapokea mawimbi ya setilaiti kadhaa na kupiga hesabu iko wapi, na mawingu hayazuii mawimbi hayo. Kuanzia hapo, kama umewasha lokesheni na umeruhusu, simu inatuma kwa kampuni ya ramani kitu kidogo sana, tuseme hivi: saa 11:42 jioni, niko hapa, naenda kilomita 7 kwa saa, naweza kuwa nimekosea kwa mita 10. Kwa hiyo anayeripoti foleni ni wewe uliyekaa ndani yake.

Sasa hiyo ripoti moja ya simu ni kidogo mno, na hapa ndo watu wengi wanapoishia wakidhani simu zikiwa nyingi basi kazi imekwisha. Haijaisha. Ile rangi ni makadirio, siyo picha ya barabara, na makadirio mazuri yanataka vyanzo vya aina tofauti, maana kila aina ina kitu ambacho haiwezi kukiona hata uiongeze mara elfu.

Maneno matatu kwanza, bila hayo tutazunguka tu. Mwendo unaujua. Mtiririko ni idadi ya magari yanayopita sehemu moja kwa saa, yaani ukisimama pale daraja la Ruvu na daftari ukapiga mstari kila gari likipita, jumla ya saa nzima ndo mtiririko. Msongamano ni magari mangapi yako ndani ya kilomita moja kwa wakati mmoja, na hii huwezi kuihesabu ukiwa umesimama chini, labda urushe droni upige picha. Haya matatu yamefungana: msongamano mara mwendo unakupa mtiririko. Leni yenye magari 20 kwa kilomita, yote yanaenda 80, inapitisha magari 1,600 kwa saa.

Mtego uko hapa. Chukua leni ambayo imeshona kabisa, magari 100 kwa kilomita yanatambaa kwa 10. Hiyo inapitisha magari 1,000 kwa saa. Chukua leni nyingine iliyo wazi, magari 25 katika kila kilomita mbili, yanaenda 80. Nayo inapitisha 1,000 kwa saa! Aliyekaa na daftari lake pembeni akikuletea namba 1,000 peke yake hujui kama watu wanapepea au wanalia. Na ukigeuza kibao, simu ikikwambia mwendo ni 10 haijakwambia foleni ina magari mia mbili au elfu mbili, na anayetaka kupanga mataa au kuamua kama leni iongezwe anahitaji kujua idadi hiyo.

Fikiria mama lishe mwenye banda pembeni ya barabara Mbezi na konda wa daladala la Kibamba. Mama anaona kila chombo kinachopita mbele yake tangu alfajiri, anajua leo malori yamezidi, lakini ukimuuliza Kiluvya kukoje hajui chochote. Konda kapita njia nzima, anakwambia pale mizunguko ya Kibamba tumesota dakika ishirini, ila anajua safari yake moja tu na hiyo habari ina umri wa nusu saa tayari. Karibu kila kifaa kinachopima barabara duniani ni mmoja kati ya hawa wawili.

Upande wa mama lishe kuna kamera, rada zinazofungwa kwenye nguzo, na kifaa cha siku nyingi, koili ya waya inayofukiwa chini ya lami. Inapitishiwa umeme kidogo, chuma cha gari kikipita juu umeme unabadilika, gari limehesabiwa. California wana maelfu ya koili hizi kwenye barabara zao kuu. Ukifukia mbili zikiwa karibukaribu unapata na mwendo, kwa kupima gari limechukua muda gani kutoka ya kwanza hadi ya pili. Moja peke yake haipimi mwendo, inajua tu idadi ya magari na ni asilimia ngapi ya muda kuna chuma juu yake, halafu inakisia mwendo kwa kudhani magari yote yana urefu fulani. Kwa barabara kama yetu ya kwenda Chalinze, ambako semi za Tunduma na Kongo zinapishana na IST, kukisia huko ni balaa: semi la mita 17 linalokwenda vizuri tu linakaa juu ya koili muda mrefu, na koili inadhani ni gari dogo linatambaa.

Upande wa konda kuna simu, kuna vifaa vya VTS, vya kufuatilia gari lilipo, ambavyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanataka viwe kwenye mabasi ya mikoani (lengo kubwa ni kudhibiti mwendokasi wa madereva, lakini taarifa ni ileile, basi lipo wapi na linaenda kasi gani), na kuna vifaa vinavyosoma Bluetooth za magari pembeni ya barabara, ukisomwa sehemu A na ukasomwa tena sehemu B basi muda wa kati unajulikana. Mizani ya Vigwaza nayo kila lori linalopimwa linaacha saa lililofika. Tochi ya trafiki iache, ile ipo kwa ajili ya faini yako.

Uwezo wa simu ulipimwa kisawasawa tarehe 8 Februari 2008, huko California kwenye barabara ya I-880 karibu na San Francisco. Watafiti wa chuo cha Berkeley wakishirikiana na Nokia waliweka simu za Nokia N95 kwenye magari 100, madereva wengi wakiwa wanafunzi, wakazunguka siku nzima kwenda na kurudi kipande kilekile. Koili zilikuwepo chini, kwa hiyo waliweza kulinganisha. Walichogundua ni kwamba asilimia 2 hadi 3 tu ya magari yakiwa na simu inayoripoti, unapata mwendo wa barabara vizuri. Kwa hiyo hoja ya "Bongo simu janja ni chache ndo maana ramani inadanganya" haina mashiko kwa Morogoro Road, asilimia 3 tumeshaivuka zamani. Barabara za ndani ndani huko Goba au Msumi ni habari nyingine.

Kuna tatizo la wastani ambalo hata wasomi linawapiga chenga. Magari mawili yanapita kilomita moja, moja kwa 20, lingine kwa 80. Mama lishe akiwa na tochi yake atasema wastani ni 50. Lakini la kwanza limechukua dakika 3, la pili sekunde 45, wastani wa muda ni kama sekunde 112, na hiyo kwa kilomita moja ni mwendo wa 32. Tofauti ya 50 na 32 siyo ndogo, na wala hakuna aliyedanganya, mmoja kapima magari yanapopita pointi na mwingine kapima muda ambao watu wametumia ndani ya barabara. Ukizichanganya namba hizi bila kuzigeuza ziwe lugha moja umeharibu kabla hujaanza.

Haya, kuchanganya kwenyewe kunafanyikaje. Hatua ya kwanza ni kubashiri, na kanuni ya kubashiri ni kwamba magari hayayeyuki. Kama kipande kati ya Mbezi na Kibamba kinaingiza 1,500 kwa saa na kinatoa 1,100, basi 400 wamebaki humo ndani na msongamano unapanda. Wazo hili liliandikwa kihesabu na Waingereza Lighthill na Whitham mwaka 1955 na Mmarekani Richards mwaka 1956, na mpaka leo ndo uti wa mgongo. Ila kuhesabu peke yake kuna ugonjwa wake: kifaa cha mwisho kikiwa kinaruka gari moja tu kwa kila mia, kwenye mtiririko wa 1,500 unazalisha magari hewa 15 kila saa, na kama mtiririko haukubadilika basi baada ya siku nzima kompyuta inaamini kuna magari hewa 360 yamekwama Kibamba wakati barabara ni nyeupe. Hapo simu zinaokoa. Simu tatu nne zikipita kwa 80 zinatosha kuthibitisha kwamba hao 360 hawapo. Unaona sasa, waliohesabu walijua kitu ambacho simu hazijui na bado wamehitaji simu kuwasafishia hesabu yao.

Hatua ya pili ni kusahihisha ubashiri kwa kilichopimwa, na swali ni umwamini nani kiasi gani. Njia inayotumika sana ilitolewa mwaka 1960 na Rudolf Kalman, mzaliwa wa Hungary aliyefanya kazi Marekani, na ndiyo iliyosaidia pia kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Ukiiondolea makorokoro inasema hivi: kila namba ije na kiasi cha kosa lake. Tuseme ubashiri unasema mwendo ni 30, kosa lake la kawaida ni 10. Kifaa kinasema 50, kosa lake ni 5. Hukati katikati ukasema 40. Unazidisha kosa kwa lenyewe, unapata 100 na 25, na aliye na kosa dogo anapewa uzito mkubwa kwa uwiano huo, hapa kifaa kinapata uzito mara nne ya ubashiri. Jibu linakuwa 46. Kizuri zaidi, kosa la hilo jibu linakuwa kama 4.5, dogo kuliko la yeyote kati ya wale wawili, hata yule dhaifu kachangia. Halafu 46 inakuwa mwanzo wa ubashiri unaofuata, na mduara unaendelea, muda wote.

Sharti la hesabu hiyo linasahaulika mno: vyanzo viwe na makosa yasiyofanana. Daladala lenye abiria 40 wenye simu siyo ripoti 40, ni gari moja. Likisimama kituoni kusubiri abiria dakika kumi, simu 40 zinapiga kelele kwamba barabara imesimama. Msanii wa Ujerumani, Simon Weckert, alilionyesha hili hadharani mwaka 2020, alipakia simu 99 kwenye kitoroli kidogo akakivuta kwa mguu katikati ya mtaa mtupu wa Berlin, na ramani ya Google ikapaka mtaa huo mwekundu. Google walijibu kwa utani, kwamba katika baadhi ya nchi ikiwemo India, Indonesia na Misri wameshaweza kutofautisha gari na pikipiki, ila kitoroli bado.

Hilo la pikipiki kwetu siyo utani. Bodaboda anapenya katikati ya magari yaliyosimama kwa 30, na bodaboda wenyewe ni wengi kuliko unavyodhani, kila mmoja na simu yake. Usipowatambua wanaipaka njano barabara ambayo kwa mwenye gari ni nyekundu iliyoiva. Ongeza na wanaotanua. Ongeza na mabasi ya mwendokasi: njia yake iko katikati kabisa ya Morogoro Road, mita chache tu kutoka kwenye gari lako, na simu inakosea mita 5 hadi 10 ikiwa kwenye hali nzuri. Basi limebeba abiria zaidi ya mia, linapita vituo vya Kimara huku wewe umezima injini, na hizo simu zote mia zinaweza kuhesabiwa barabara yako. Yule mwenye skrinishoti ya kijani hapo juu, mimi nawashuku hawa kabla sijamshuku mtu mwingine yeyote.

Nairobi wana toleo kali zaidi la tatizo hili. Barabara ya Expressway iliyofunguliwa kwa magari Mei 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kuna sehemu zake zilizobebwa kwenye nguzo juu ya Mombasa Road na Uhuru Highway. Hapo ukitazama kutokea juu ni barabara mbili mahali pamoja. GPS inakadiria kimo vibaya zaidi kuliko inavyokadiria mahali, kwa hiyo simu iliyo juu na iliyo chini zinatoa karibu pointi ileile. Juu wanaenda 80 baada ya kulipia, chini wanaenda 10, na ukizichanganya kienyeji unapata 45, namba ambayo haipo juu wala haipo chini. Kuongeza simu hapo hakusaidii hata kidogo, unaongeza mchanganyiko tu. Kinachosaidia ni kufuatilia simu ilikotoka, kama ilipanda kwenye njia ya kuingilia au haikupanda, na bora zaidi ni vituo vya malipo, ambavyo vinajua gari limeingia saa ngapi na limetokea wapi saa ngapi, bila kukisia kitu. Kile kipande kina mama lishe kwenye kila mlango, tatizo linakuwa kama wenye taarifa hizo wanakaa meza moja na wenye ramani.

Kuna jambo la foleni kutembea, na hili linachanganya hata madereva wazoefu. Foleni inatembea kinyumenyume. Magari yanakwenda mbele, lakini lile wimbi la kusimama linarudi nyuma kwa kasi ya kama kilomita 15 hadi 20 kwa saa, kwa sababu kila dereva anafunga breki baada ya aliye mbele yake kufunga. Wajapani walitoa jaribio lao mwaka 2008, magari 22 kwenye duara la mita 230, hamna mataa, hamna ajali, hamna trafiki, wakaambiwa waendeshe kwa mwendo mmoja. Baada ya muda foleni ikajizaa yenyewe na kuanza kuzunguka duara kwa kurudi nyuma. Kwa mchanganya taarifa maana yake ni kwamba ripoti ya dakika nne zilizopita isipakwe palepale ilipotoka, kama ni ya foleni inabidi isogezwe nyuma karibu kilomita moja, na kama ni ya barabara iliyo wazi isogezwe mbele pamoja na magari. Programu isiyojua hilo inakuonyesha wekundu mahali ambapo watu wameshaondoka, na kijani mahali unapoenda kugonga breki.

Na pale ambapo hakuna anayeripoti kabisa? Hapo ramani inakula akiba, yaani inatumia historia, Jumanne saa kama hii huwa kukoje. Barabara ikifungwa kupisha msafara, waliozuiwa nyuma wanaonekana wekundu, lakini kipande kilichofungwa chenyewe hakina simu hata moja, na kinaweza kubaki kijani kizuri kwa sababu ya historia yake. Kijani cha ushahidi na kijani cha mazoea vinafanana rangi, na binafsi naona hili ndo kosa kubwa la ramani hizi, wangeweza tu kupausha rangi pale wanapokisia.

Historia nayo inachacha. Mwaka 2020 korona ilipofunga miji, Google walisema magari duniani yalipungua hadi nusu, wakalazimika kuipa uzito historia ya wiki mbili hadi nne za karibuni na kuishusha ile ya zamani. Hapo walikuwa wanarekebisha muda wa kufika, ambao ni kitu tofauti na rangi: rangi inasema sasa hivi kukoje, muda wa kufika unabashiri Mlandizi kutakuwaje utakapofika huko saa moja na zaidi baadaye. Sasa fikiria tarehe 22 Desemba, nusu ya Dar inaelekea Moshi, mabasi yanaondoka Mbezi moja nyuma ya lingine kuanzia alfajiri. Wiki nne za nyuma hazina siku kama hiyo, na simu bado ziko chaji nyumbani usiku wa tarehe 21 wakati kompyuta za tiketi zimeshajua ni mabasi mangapi yamejaa kwa safari ya saa 12 asubuhi.